Elfu Mbili Mia Moja Arubaini

Bi Muhsina hakuniita kwa ajili ya maji.
Aliniita nitazame ndimu zake,
majani yameungua kingoni
kama barua iliyopokonywa motoni,
na kabla sijatua mkoba akanambia,
kwa Kiswahili chetu cha Ibra chenye vumbi la Kiarabu:
"Ni jicho, mwanangu. Jicho la mtu."

Nikasema huenda. Nikafungua kisanduku.

Kipimo changu ni kijiti cha plastiki,
ncha mbili za chuma zinatazamana
kama mahasimu walioketishwa sinia moja.
Hakinusi. Hakionji. Hakijui tohara na najisi.
Huuliza swali moja tu:
umeme ukitoka hapa, utafika pale?
Maji matupu hujibu, siwezi.
Chumvi ndiyo mchukuzi,
kila chembe humpokeza mwenziwe mzigo,
na wachukuzi wakizidi, namba hupanda.

Elfu mbili mia moja arubaini.

Nikasuuza, nikarudia.
Mwezi wa Rajabu, hapa hapa,
nilipata mia saba na themanini.

Bwana Harith bin Zahir, wakili wa falaji,
ana daftari la zamu alilorithi kwa babu yake:
nani apate nusu saa, nani robo,
nani aliuza zamu yake akalipe mahari.
Akakinga kiganja, akanywa, akafikiri.
"Maji baridi haya," akasema,
nayo yalikuwa ya moto kama uji.
"Sisi tunagawa kwa saa.
Hizo maikrosimensi zako ziko ukurasa gani?"

Sikumlaumu. Chumvi iliingia kwa adabu,
kidogo kidogo,
kama mgeni anayesogeza kiti,
na ulimi ukampisha.

Tukapanda na mfereji.
Penye kuogea, elfu mbili mia moja na ishirini.
Chini ya msikiti, kumi pungufu.
Penye daraja, watoto wakizamisha kandambili ya mwenzao,
elfu mbili mia moja na tisa.
Juu ya daraja, hatua arubaini tu:
mia saba sitini.

Namba ilianguka kama ndoo iliyokatika kamba.

Tukarudi nyuma hatua kwa hatua, tumeinama,
watu wazima wawili kama waliopoteza pete.
Bomba jeusi, nene kama mkono,
limefunikwa mawe kwa uangalifu.
Nikakinga. Elfu tisa.

Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa ikivuma.
Rafiqul akatoka anajifuta mikono,
hakuficha kitu.
Kwa Kiarabu cha kuokoteza alieleza:
kisima chao ni cha chumvi,
lita tatu zinaingia, moja inatoka safi,
mbili zinaondoka na chumvi ya zote tatu.
"Ziende wapi?" akaniuliza,
na hakuwa ananikejeli.

Maji yangu ya kusuuzia yalikuwa yamekwisha.
Nikaenda garini, nikaleta chupa,
nikamimina juu ya zile ncha mbili,
nikapima, kwa mazoea tu.
Tisini.
Kwenye karatasi ya chupa kuna mlima wenye theluji,
na chini ya theluji jina
lile lile la ukutani.
Kila Alhamisi gari lao huniachia mbili mlangoni.
Huwa nalipa mapema, nisisahau.

Bwana Harith alikuwa amekaa juu ya jiwe,
daftari gotini, kalamu imeelekea chini.
Elfu tisa ameshaiandika,
kwa tarakimu za Kiarabu, nzuri, zimelala ubavu.
Safu ya pili ilikuwa tupu.
"Na zamu hii," akasema, "niandike jina la nani?"

Jua lilikuwa utosini. Digrii arubaini na nne.
Chupa ilikuwa imebaki nusu.

Nilikunywa kwanza.